Fundi wangu wa tanuri kanipeleka CMA: daftari la malipo niende nalo au niliache nyumbani?

Mama Boflo, Ngamiani

Assalaam aleikum jamaa, na shikamooni wakubwa. Nitaandika kirefu, mnisamehe. Nimeshauliza watu watatu kwa mdomo, kila mmoja nimemweleza nusu, na majibu nayo yamekuja nusunusu. Hapa nasema yote.

Nina tanuri la mikate Ngamiani, hapa Tanga mjini, la kuni, alilijenga marehemu baba. Tunachoma boflo, skonzi na mikate ya ufuta. Watu wangu ni saba: wawili wa tanuri, wawili wa kukanda, binti mmoja wa kaunta, na vijana wawili wa baiskeli wanaosambaza hadi Makorora na Mikanjuni. Leseni ya Jiji ninayo, TRA nalipa, TBS wameshanikagua. Upande wa wafanyakazi sina karatasi yoyote zaidi ya daftari la kaunta. Ndivyo alivyofanya baba, nami nikafuata.

Aliyenishtaki ni mmoja wa wale wawili wa tanuri. Baba alimtoa Mlalo, Lushoto, alipokwenda kuhani msiba Septemba 2021. Baba wakati huo alikuwa keshakaa nyumbani, mimi ndiye niliyemlipa tangu wiki ya kwanza. Shilingi 9,000 kwa usiku, usiku sita kwa wiki. Anaingia saa nne usiku, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Jumamosi alfajiri anachukua 54,000 yake na kutia sahihi.

Mwezi wa Ramadhani oda zinakaribia mara mbili. Nikawaomba watu wa tanuri waunge na usiku wa saba, wakakubali. Usiku wa kuamkia Jumamosi, 22 Machi 2025, mwenzake alikuwa anaumwa, akabaki peke yake. Saa kumi alfajiri nimemaliza daku, natoka uani, nikasikia harufu ya unga mchachu mahali pa harufu ya mkate. Tanuri limepoa. Trei arobaini zimeumuka, zimemwagika pembeni, kisha zimeshuka zimekuwa kama ngozi. Yeye kalala juu ya viroba vya unga, ule mti mrefu wa kutolea mikate kaukumbatia. Maduka yote tunayosambazia yalikosa mkate asubuhi ile, na wenye maduka wawili mpaka leo hawajarudi kuchukua kwangu.

Nilisema maneno mabaya sana. Nikamwambia asikanyage tena pale, na ile 54,000 ya wiki nikaizuia ifidie unga na kuni. Hakunijibu hata neno. Alichukua shati lake kwenye msumari akaondoka.

Tarehe 14 Aprili kafungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndiyo hiyo CMA. Wito umenifikia, usuluhishi ni Jumanne tarehe 6 Mei. Anadai ameachishwa isivyo halali, mshahara uliozuiwa, posho ya usiku, likizo, kiinua mgongo na nauli ya kurudi kwao.

Ninalouliza ni hili. Yule ni kibarua, analipwa kwa usiku, hatukuandikiana kitu. Anahesabika mwajiriwa? Na la pili ndilo linaloninyima usingizi. Shemeji yangu ananiambia daftari niliache nyumbani, niseme alikuwa anakuja siku akijisikia. Daftari lina sahihi zake zote, Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka mitatu na nusu. Nikienda nalo najikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nisipokwenda nalo, nitamtazamaje?

Sitaki kumdhulumu mtu. Wala sitaki tanuri la baba lizimike kwa deni.

Simba wa Duga

Dada usijipe presha. Hakuna mkataba, hakuna kesi. Deiwaka ni deiwaka, leo yupo kesho hayupo, ndio maana ya jina. Tena hata kwenda usiende, watachoka wenyewe. Daftari lichome kwenye hilo tanuri lako.

Karani Mstaafu, Chumbageni

Mwanangu Mama Boflo, wa aleikum salaam. Kabla ya yote, usimsikilize Simba. Sisemi kwa kumvunjia heshima, ila ushauri huo nimewaona watu wakiufuata na nimeona walipofikia.

Nilikuwa karani wa chama cha wafanyakazi kwa miaka mingi, kuanzia mashamba ya katani huko Korogwe hadi hapa mjini. Nimeketi na wafanyakazi kwenye mabaraza, na nilipostaafu wakaanza kunijia waajiri wadogo kama wewe. Kwa hiyo nazijua pande zote mbili za meza ile.

Kwanza hili la kutokwenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 87, inasema mlalamikaji asipofika kwenye usuluhishi, msuluhishi anaweza kuyatupa malalamiko yake. Asipofika mlalamikiwa, msuluhishi anaweza kuyaamua malalamiko bila yeye. Maana yake utakuwa unakanda unga wako hapo Ngamiani na huku deni limeshaandikwa kwa hesabu ya upande mmoja. Nenda. Nenda mapema, saa ya wito usiifanye saa ya kutokea nyumbani.

La kibarua. Neno hilo tunalo midomoni tangu enzi za mkonge, lakini sheria haiangalii mnaitanaje, inaangalia mnafanyaje kazi. Ndugu yake sheria hiyo, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atahesabiwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwapo hata dalili moja kati ya hizi: unamwelekeza kazi ifanyikeje, unampangia saa, yeye ni sehemu ya shughuli yako, amekufanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anakutegemea wewe kwa riziki, vifaa ni vyako, au hana mwajiri mwingine. Moja tu inatosha. Haya, wewe hesabu. Tanuri la nani? Mti wa kutolea mikate wa nani? Saa nne usiku kaipanga nani? Saa 45 za mwezi mzima yeye alikuwa anazimaliza kabla hata wiki moja haijaisha. Mwanangu, yule ni mwajiriwa wako tangu wiki ya kwanza.

Sasa daftari. Shikilia hapa, kwa kuwa shemeji yako amelielewa kinyume. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira kinakutaka wewe mwajiri umpe mfanyakazi maelezo yake kwa maandishi anapoanza kazi: jina, umri, anwani, jinsi yake, mahali alikoajiriwa, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, kituo cha kazi, saa, ujira na namna unavyokokotolewa. Na karatasi hizo uzitunze miaka mitano hata baada ya kuachana naye. Ukifika mbele ya Tume huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti lolote la ajira linalodaiwa unakuangukia wewe. Akisema mlipatana 15,000 kwa usiku, wewe ndiye wa kuonyesha kwamba ilikuwa 9,000. Utaonyesha kwa nini, kama si kwa daftari? Akisema Jumamosi kumi hukumlipa, utaonyesha kwa nini? Daftari hilo ni kweli litasema alikuwa mfanyakazi wako. Hilo litajulikana hata bila daftari, wana Ngamiani wote wameuona uso wake umejaa majivu. Lakini daftari hilo hilo ndilo peke yake litakalosema ulimlipa.

Na hilo ni la kisheria tu. La pili ulilisema mwenyewe, utamtazamaje. Sina la kuongeza hapo.

Nije kwenye kumwachisha. Tume itakuuliza maswali mawili, na watu wengi hujiandaa kwa moja. La kwanza, ulikuwa na sababu? La pili, ulifuata utaratibu? Kulala kazini hadi mali ikaharibika kunaweza kuwa kosa, unaweza kulijenga. Ila utaratibu hukuufuata hata chembe. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinataka uchunguze kwanza, umwambie tuhuma kwa lugha anayoielewa, umpe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, aje na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama wa kumsaidia, aseme upande wake mbele ya mtu ambaye hakuhusika na tukio, kisha ajitetee juu ya adhabu. Nakubali duka la watu saba halitafanya kikao kama cha kiwanda. Lakini saa kumi alfajiri, wewe umesimama na yeye amekurupuka usingizini, hicho si kikao cha aina yoyote.

Tena hata sababu yenyewe uiangalie vizuri kabla ya kuitetea. Ulisema usiku wa saba. Sheria inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Kuanzia mfungo ulipoandama mpaka usiku ule ni usiku ishirini kasoro kidogo au zaidi kidogo, bila kupumzika, na usiku wa mwisho kafanya kazi ya watu wawili. Alikuwa amefunga?

Mama Boflo, Ngamiani

Mzee wangu, alikuwa amefunga. Amefunga kama sisi sote. Mchana alikuwa analala kwenye kile chumba cha kuni, na mchana ndipo wanapopasua kuni.

Sikulifikiria hivyo mpaka nilivyoona umeandika. Usiku ni ishirini kamili, nimehesabu kwenye daftari.

Mpasua Gogo, Muheza

Mimi niko upande wa huyo fundi, nisamehe dada. Nimefanya kazi ya usiku kwenye banda la kupangia machungwa msimu hadi msimu. Usingizi wa usiku wa kumi na tano haukuombi ruhusa. Unasimama, macho yako wazi, mikono inaendelea na kazi, na wewe haupo. Siku moja niliamka nimekaa juu ya kreti na sikumbuki nilivyokaa.

Ninachotaka ulielewe ni ile 54,000. Ilikuwa siku tisa kabla ya Idi. Mtu wa Mlalo anayefanya kazi Tanga, Idi ndiyo siku ya kufika nyumbani na kitu mkononi. Wewe ulizuia nauli yake, nguo ya watoto na kilo ya mchele kwa mpigo mmoja. Mimi ningekuwa yeye ningeweza kusamehe yale maneno, maneno ya alfajiri ni ya alfajiri. Pesa ile nisingeisamehe.

Mtunza Gesti, Bagamoyo

Hapo kwenye 54,000 ndipo na mimi nilipoungua, kwa hiyo niache niseme.

Ninasimamia nyumba ya wageni ya vyumba kumi na viwili hapa Bagamoyo, upande wa Dunda. Mwaka mmoja binti wa mapokezi alipoteza funguo za vyumba vitatu pamoja na rimoti mbili. Mwenye nyumba akaniamuru nimkate mshahara wote wa mwezi, nikamkata. Binti akaenda kwa afisa kazi. Afisa kazi aliniita, hakupandisha sauti hata kidogo, akanifungulia kifungu cha 28 akaniambia nisome mwenyewe kwa sauti. Nilikuwa sijawahi kuisoma sheria ile maishani.

Inaruhusu kukata kwa hasara, lakini kwa masharti. Iwe hasara imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Umpe maandishi yanayoeleza sababu, kiasi na ulivyokipata. Umpe nafasi ya kupinga. Usidai zaidi ya hasara yenyewe. Na makato yote kwa jumla yasizidi robo ya ujira wake. Robo! Kwa fundi wako robo ya wiki ni 13,500, na hiyo ni baada ya maandishi na baada ya kumsikiliza. Wewe ulichukua nne ya nne bila karatasi.

Ushauri wangu, hiyo 54,000 usiipeleke kwenye usuluhishi kama kitu cha kujadiliana. Ifike mezani ikiwa imeshahesabiwa. Mimi nilimrudishia yule binti mbele ya afisa, na kuanzia dakika ile ndipo akaanza kunitazama usoni tukaweza kuzungumza mengine.

Toka siku ile kila anayeingia kazini kwangu, hata wa kufua mashuka siku mbili kwa wiki, nina karatasi yake moja, kurasa mbili, Kiswahili kitupu, sahihi mbili. Haihitaji wakili. Kinachochukua muda ni kukaa na mtu na kumsomea.

Simba wa Duga

Sawa, mnaweza kuwa mnajua zaidi. Ila mkumbuke biashara ndogo ikifuata yote hayo inakufa. Posho ya usiku, NSSF, WCF, OSHA, sijui nini. Boflo atauza shilingi ngapi?

Hesabu za Sahare

Simba swali lako ni la haki na linastahili namba, si maneno. Mimi natunza vitabu vya maduka kadhaa hapa mjini. Nachukua mishahara ya fundi huyu kama mfano.

Jedwali la sheria linageuza ujira wa wiki kuwa wa mwezi kwa kuzidisha 4.333. 54,000 mara 4.333 ni karibu 234,000 kwa mwezi.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo 23,400 yake na 23,400 yako. Hiki ndicho kizito kuliko vyote, sikufichi.

WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ni asilimia 0.5 tangu Julai 2022. Hiyo ni shilingi 1,170 kwa mwezi kwa mtu huyu. Inatoka kwa mwajiri peke yake, ukimkata mfanyakazi umekosea. Shilingi 1,170, kwenye kazi ya moto! Mama Boflo, hebu sema kweli, hakuna aliyeungua kwako?

Kodi ya mshahara kwa kiwango hicho ni sifuri, kwa kuwa haijafika 270,000. Tozo ya ujuzi haikuhusu, inaanza kwa mwenye wafanyakazi kumi. Kwa hiyo zile zinazotisha zaidi kwa jina hazipo kabisa kwako.

Posho ya usiku sasa. Kisheria usiku unaanza saa 2 usiku na kuishia saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku inaongezwa asilimia 5 ya ujira wa msingi. Fundi wa tanuri saa zake zote ni za usiku, kwa hiyo ni asilimia 5 ya 9,000, yaani 450. Shilingi mia nne na hamsini kwa usiku. Skonzi ngapi hizo? Ukilipa kila Jumamosi ni 2,700 na huisikii. Ukiiacha, ni 140,400 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu na nusu ni 491,400, inakuja siku moja ikiwa imevaa muhuri wa Tume. Simba, hiyo ndiyo inayoua biashara ndogo.

Mama Boflo, Ngamiani

Nimesoma hesabu hizi mara tatu.

Kuhusu kuungua, ndiyo. Mwaka 2023 huyu huyu, mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi kifundo, mlango wa tanuri ulimrudia. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, nikalipia dawa na bandeji zote, na wiki mbili alizokaa nilimpa nusu ya pesa. Nilidhani nimetenda wema. Kovu analo mpaka leo, ngozi imekuwa nyeupe na nyororo, akikunja mkono inavutika.

Sikujua habari za mfuko huo. Nilidhani ni wa viwanda vikubwa.

Mzee Karani, niambie nini cha kutayarisha. Na je, nikikubali deni mbele yao, si ndiyo nimejifunga?

Karani Mstaafu, Chumbageni

WCF ni wa kila mwajiri Tanzania Bara, awe na mmoja au elfu. Jisajili wiki hii, usingoje shauri liishe. Ajali ikitokea unatakiwa kuwaarifu ndani ya siku saba, si baada ya kovu kupona. Na tanuri ni mahali pa kazi kama pengine, OSHA wanatakiwa wakutambue, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Kuhusu usuluhishi usiogope. Ni mazungumzo ya siri. Msuluhishi hatoi hukumu, anawakalisha mkubaliane, na yanayosemwa mle hayawezi kubebwa kwenda kutumika dhidi yako kwenye uamuzi mkishindwana. Mkikubaliana mnatia sahihi, na hapo ndipo unapojifunga, kwa sababu makubaliano yale yana nguvu ya kutekelezwa. Kwa hiyo usisaini kiasi usichoweza kukilipa kwa kuwa umebanwa na huruma. Omba awamu, taja tarehe, zishike. Kufungua shauri pale hakulipiwi, wala hakuna aliyekulazimisha kuweka wakili, ingawa unaruhusiwa.

Tayarisha hivi. Daftari, lote, si kurasa ulizozipenda. Ile 54,000 taslimu. Karatasi ya hesabu ya posho ya usiku aliyokuandikia Hesabu wa Sahare. Notisi, kwa kuwa alilipwa kwa wiki, ni siku 4, yaani 36,000. Kiinua mgongo ni ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na miaka iliyotimia ni mitatu, siku 21, 189,000. Likizo ni siku 28 kwa mwaka, zenye malipo. Ulikuwa unampa?

Kisha nauli. Watu huidharau hii kuliko zote na inawatokea puani. Aliyeajiriwa mahali pengine akaachishwa hapa, unamrudisha alikotoka na vitu vyake, au unampa nauli. Na kuanzia siku ya kuachishwa hadi siku ya kumsafirisha unaweza kudaiwa pesa ya kujikimu kwa kila siku. Nimeona nauli ya shilingi elfu chache ikizaa deni la miezi. Baba yako alimtoa Mlalo. Mlalo ndiyo sehemu alikoajiriwa.

Akishinda kwamba aliachishwa isivyo halali, anaweza kurudishwa kazini au kupewa fidia, na fidia hiyo inahesabiwa kwa mishahara ya miezi, si ya siku. Ndiyo maana nakuambia yamalizeni pale pale.

Mama Boflo, Ngamiani

Likizo alikuwa anakwenda kwao siku kumi kila mwaka. Nauli nampa, siku zile simlipi. Sasa nimejua.

Nitaenda na daftari. Nimemwambia shemeji, kanuna, basi.

Mtunza Gesti, Bagamoyo

Dada, nenda na mtu wa kukusindikiza mpaka mlangoni. Mimi nilikwenda peke yangu na miguu ilinitetemeka. Tupe habari ukirudi.

Mama Boflo, Ngamiani

Waungwana, nimerudi. Ilikuwa jana, Jumanne.

Yaliyosemwa ndani yatabaki ndani, ndivyo tulivyoelekezwa. Nasema yangu tu. Nilifika saa moja na nusu asubuhi, yeye alikuwa keshafika, kakaa kwenye benchi na mfuko wa plastiki wenye nguo. Alikuja na basi la alfajiri kutoka Lushoto. Shikamoo hakunipa, na sikumlaumu. Nikampa mimi salamu, akaitikia.

Bahasha ya 54,000 niliiweka mezani kabla sijafungua mdomo. Daftari nikaliweka juu yake. Lina unga uliogandia kwenye mgongo, karatasi za 2021 zimeshikamana, tukawa tunazibandua kwa ukucha. Miezi ya mwanzo ni dole gumba la wino wa buluu. Katikati ya 2022 binti yangu alimfundisha kuandika jina, na pale Jumamosi moja dole gumba linakoma na herufi zinaanza, kubwa kubwa, zimepinda kutoka nje ya mstari. Mimi daftari hilo nimelishika kila wiki na sikuwahi kuligeuza nyuma kulitazama. Hakuna aliyebishana juu ya wiki hata moja, yeye wala mimi.

Tumeelewana. Posho ya usiku yote, notisi, kiinua mgongo, likizo kwa kiasi tulichokubaliana, nauli yake na mizigo, na siku za kujikimu kwa mpango. Jumla nailipa kwa awamu tatu, ya kwanza nimeshalipa, ya mwisho ni Agosti. Kurudi kazini hataki. Amepata kazi kwenye tanuri la mtu mwingine huko huko Lushoto, la mchana.

Nimemwomba radhi kwa maneno ya alfajiri ile. Hilo nalitaja kwa kuwa ni langu.

Tanuri halijazimika. Nimeongeza mtu wa tatu wa moto ili kila mmoja apate usiku wake wa kupumzika, Ramadhani au si Ramadhani. Boflo sikupandisha bei, nimepunguza njia moja ya baiskeli iliyokuwa haina faida. WCF nimejisajili, NSSF naanza mwezi huu, na wale wa kukanda wameguna kweli kwa hiyo asilimia kumi yao, nimewaeleza mara mbili na nitaeleza tena.

Karatasi za maelezo ya kazi nimeziandika kwa mkono kwanza, usiku, nikiwa kaunta. Nawasomea mmoja mmoja. Nilipofika kwenye "mahali ulikoajiriwa" mama mmoja wa kukanda, ambaye yupo hapa tangu enzi za baba, akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikamwambia ili siku akiondoka nijue nampeleka wapi. Akasema, "Andika Pangani, Mwera. Na uandike tangu 2009, maana na hilo huna mahali ulipoliandika."

Limebaki moja nimuulize Mzee Karani. Cheti cha utumishi, fundi anakitaka, na sheria inasema ni haki yake. Kwenye nafasi ya kazi niweke nini? Daftari linasema "kibarua wa tanuri".

Karani Mstaafu, Chumbageni

Weka kazi aliyokuwa anaifanya. Mchomaji mikate. Weka tarehe ya kuanza na ya kumaliza, jina la biashara, sahihi yako na muhuri kama unao. Usiandike habari za usiku ule.

Mama Boflo, Ngamiani

Nimeandika "Mchomaji mikate, Septemba 2021 hadi Machi 2025". Nimekitia kwenye bahasha ngumu na nimempa kondakta wa basi la saa sita linalokwenda Lushoto. Kanipigia jioni, kimefika, hakikukunjika.